Kiti cha Bibi Onsi

Kila alfajiri Khamphong aliamka kabla ya kuku wake. Aliwasha jiko la mkaa chini ya nyumba yao iliyoinuliwa juu ya nguzo, akapika wali wa kunata kwa mvuke, akachoma samaki. Wali ulipoiva aliutandaza, akaupepea, kisha akaujaza kwenye kikapu chenye mfuniko. Kikapu kizuri kuliko vyote kilikuwa cha mama yake.

Halafu alipanga sinia. Samaki upande huu, mboga za kuchemsha upande ule, katikati bakuli la supu ya machipukizi ya mianzi. Alilibeba sinia kwa mikono miwili, akainama, akalisogeza mbele ya mama yake.

"Karibu chakula, Mama."

Mama yake, Bibi Onsi, alikuwa ameketi kitini. Si kiti cha mchezo. Kilikuwa kiti cha mbao za msaji, chenye mgongo mrefu, na mikono yake imechongwa maua. Khamphong alikiagiza kwa fundi wa mjini, akakiweka juu ya jukwaa la mbao ili mama yake awe juu kuliko kila mtu. Yeye na mkewe Malaiwan walikula baadaye, kwenye kitanda kipana cha mianzi kilichokuwa chini ya nyumba tangu zamani. Binti zao walikuwa wanafanya kazi viwandani, mbali. Nyumbani walikuwa hao watatu tu.

Bibi Onsi aliunganisha viganja kifuani kushukuru. Alichukua tonge dogo. Akatafuna. Akakitazama kitanda cha mianzi. Akaitazama nyumba ya jirani. Tonge la tatu hakulimaliza.

"Nimeshiba, mwanangu."

"Mama, hujala kitu!"

"Nimekula vizuri sana. Samaki mtamu. Kuleni na nyinyi."

Malaiwan alikuwa anafagia. Alisimama na ufagio wake.

"Jana alishiba hivyo hivyo," alisema. "Na juzi. Mama yako ana shibe ya ajabu, baba watoto. Anashiba huku anakonda."

"Ni uzee," alijibu Khamphong.

"Uzee wa ghafla hivyo? Mwaka jana alikuwa anabeba ndoo za maji kumwagilia mchaichai."

"Ndiyo maana sasa anapumzika."

Malaiwan akaendelea kufagia, kwa nguvu. Ukimwona Malaiwan anafagia kwa nguvu, ujue amemeza neno.

Khamphong hakuwa mtoto mbaya. Tatizo lake ni kwamba alikuwa mtoto mwema kupita kiasi. Zaidi ya nusu ya maisha yake aliendesha lori la mizigo. Baba yake alipofariki, yeye alikuwa kusini kabisa mwa nchi na shehena ya mananasi. Alifika kijijini moto wa kuchoma maiti umeshawashwa. Jambo hilo lilimkwama kooni. Alipoacha lori na kurudi nyumbani moja kwa moja, alijiapia: Mama hataondoka kabla sijamtunza.

Siku moja ya ibada, mtawa mkuu wa hekalu alihubiri. Alisema mtu anayetafuta thawabu asiende mbali, aanze na mama aliye nyumbani, kwa maana mama naye anastahili heshima kama mtawa. Watu waliitikia, wakasujudu, wakaenda zao kula. Khamphong hakwenda kula. Khamphong alikwenda kwa fundi seremala.

Aliyachukua maneno yale yote, hakudondosha hata moja. Mtawa huketi juu, basi Mama akapewa kiti. Mtawa hula kwanza, peke yake, basi Mama naye akala kwanza, peke yake. Mtawa hapiki wala halimi, basi Khamphong akakitwaa kinu cha mama yake, akakipandisha darini. Jembe akaligawa. Kuku akawahamishia nyuma ya nyumba. Hata wageni aliwawekea utaratibu. Bibi Lun wa nyumba ya jirani, rafiki wa Bibi Onsi tangu wote wawili hawajaota meno, alipokuja na kikapu chake cha tambuu, alizuiwa langoni.

"Mama anapumzika, Shangazi. Njoo kesho jioni."

"Anapumzika?" alishangaa Bibi Lun. "Kwa kazi ipi?"

Sokoni watu walimsifu. Wanawake waliwaambia watoto wao, "Mtazameni Khamphong, muone mtu anavyomtunza mama." Sifa zile zilimnogea. Akanunua na mto wa kuegemea.

Bibi Onsi hakulalamika hata siku moja. Angesemaje? Mwanawe amerudi kutoka mbali, ametoa jasho lake kununua kiti. Mama wa kwetu hamwambii mtoto kwamba wema wake unamchosha. Ni kumwaibisha. Kwa hiyo alitabasamu, akashukuru, akashiba. Na kila mwezi alizidi kukaza mkanda wa fedha uliofunga saruni yake.

Wakati huo mavuno yalikuwa yameingia ghalani. Sikukuu ya wali wa kuchoma ilikuwa imebakiza kama miezi miwili. Siku hiyo, katika baridi ya alfajiri, kijiji kizima hukusanyika uwanjani pa hekalu. Watu hufinyanga wali wa kunata kuwa madonge, huupaka yai, huuchoma juu ya makaa, kisha huwapa watawa. Tangu alipokuwa mwali, Bibi Onsi ndiye aliyesimamia makaa. Donge lake lilikuwa kahawia kote, laini ndani, na moyo wa sukari guru. Watu waliyajua madonge yake kwa harufu.

Asubuhi moja, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, aliuliza kitu.

"Mwaka huu makaa mmeshanunua?"

"Usijali, Mama," alisema Khamphong kwa furaha. "Sokoni kuna mtu anauza madonge yaliyochomwa tayari. Nimeshaagiza. Wewe utaketi tu. Kiti nitakibeba mimi mwenyewe mpaka hekaluni!"

Bibi Onsi alikifunika kikapu chake cha wali.

"Vyema, mwanangu," alisema. Akageuza uso kuelekea uani.

Kesho yake sinia lilirudi tupu. Khamphong nusura aruke.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Kala kila kitu! Mpaka kichwa cha samaki!"

"Nimeona," alisema Malaiwan. Alionekana kama mtu anayetaka kucheka lakini amekatazwa.

Siku iliyofuata Khamphong alikwenda kuchukua sinia. Sinia lilikuwa tupu. Na kiti kilikuwa kitupu.

"Mama?"

Alipanda akaangalia ndani ya nyumba, hakuna mtu. Aliangalia bafuni, hakuna mtu. Ndipo aliposikia sauti ya Bibi Lun kutoka upande wa pili wa ua wa mianzi, inapaa kama king'ora.

"Phong! We Phong! Njoo umtoe mama yako kwenye mchaichai!"

Khamphong alikimbia. Karibu na ua palikuwa na pengo, mianzi ilikuwa imeoza. Hatua chache kabla ya pengo hilo, katikati ya mchaichai, alikuwa amekaa Bibi Onsi. Mtandio wake ulikuwa umemtoka begani.

"Mama! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimekaa."

"Umekaa kwenye mchaichai?"

"Miguu imechoka katikati ya safari."

"Safari ya kwenda wapi?"

Bibi Lun alichungulia pengoni. Midomo yake ilikuwa myekundu kwa tambuu. "Ya kuja kwangu kula, safari ya wapi tena! Leo siku ya pili. Na mzigo wake huo kaushika mpaka sasa, haujamwagika hata punje. Mwizi hodari!"

Khamphong alitazama. Mkononi mwa mama yake palikuwa na kifurushi cha jani la mgomba. Mkia wa samaki ulichomoza nje.

"Mama, umeiba chakula chako mwenyewe?"

Bibi Onsi aliinamisha kichwa. Alionekana kama msichana aliyefumwa na embe la shamba la watu.

"Samaki alikuwa mtamu, mwanangu," alisema polepole. "Nilitaka tumle wawili."

Khamphong aliinama amwinue. Bibi Onsi alijaribu kusimama, magoti yakatetemeka, akarudi chini. Alijaribu tena. Mwishowe mwanawe akambeba mpaka kitini. Alikuwa mwepesi kama kikapu cha wali uliokwisha kuliwa. Hapo Khamphong akaogopa. Aliogopa kuliko siku ile breki zilipomkatikia mlimani.

Malaiwan hakupoteza muda. Alikuwa ameshampigia simu Nukan.

Nukan alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Alisoma darasa moja na Khamphong, na wote wawili waliacha shule mwaka mmoja, ila Nukan aliendelea na mafunzo ya afya kila yalipotokea. Asubuhi aliuza ndizi za kuchoma, mchana alizunguka na pikipiki akiwatembelea wazee, na saa zote alikuwa na mdomo. Alifika na kipimo cha presha begani.

"Mama yangu kipenzi," alisema, akipiga magoti mbele ya kiti. "Nasikia umekuwa jambazi."

Bibi Onsi aliziba mdomo kwa mtandio, akacheka.

Nukan alimpima presha. Akatazama miguu kama imevimba. Akauliza habari za choo, usingizi na dawa. Akashika mkono wake juu ya kiwiko, taratibu, kama anayechagua tango sokoni. Halafu akasema, "Sasa Mama, shuka jukwaani, ukae kwenye hiki kiti cha jikoni. Kunja mikono kifuani. Simama bila kushika kitu."

Bibi Onsi alijaribu. Alinyanyuka nusu, akarudi kitini. Nukan aliweka mkono nyuma yake asije akaanguka. "Tena, taratibu." Ikawa vile vile.

"Basi, pumzika." Nukan hakuwa anacheka tena. "Mwaka jana kipimo hiki hiki, alisimama na kukaa kama anacheza ngoma. Mimi ndiye niliyemwambia inatosha."

"Ana ugonjwa gani?" aliuliza Khamphong.

"Presha iko sawa. Kesho mpeleke zahanati, wamwangalie damu. Mzee akikonda hivi haifai kukisia, lazima apimwe. Lakini ninachokiona kwa macho yangu, Phong, ugonjwa wake ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe na hicho kiti chako. Hebu niambie. Lori ukiliegesha mwaka mzima bila kuliwasha, linakuwaje?"

Khamphong alikuwa na uhakika na jibu hilo. "Betri inakufa. Matairi yanalala upande mmoja. Breki zinashika kutu."

"Basi umemwegesha mama yako."

Khamphong aligeuka, akakitazama kile kiti.

"Msuli ndivyo ulivyo," aliendelea Nukan. "Usipoutumia unanyauka, na wa mzee unanyauka upesi zaidi. Miguu ikiisha nguvu, ataanguka. Akivunjika nyonga, atalala kitandani. Na mzee akishalala, Phong, kumwinua tena ni kazi kubwa. Kwa mwendo huu, hiyo sikukuu ya wali hutambeba kwa kiti. Utambeba kwa machela."

"Lakini mimi namlisha! Chakula kizuri!"

"Unampa chakula, lakini hali. Nani anakula naye?"

"Hakuna. Anakula kwanza. Ni heshima."

"Mtu akila peke yake kila siku, hamu inakufa. Mzee hali kwa mdomo tu. Anakula kwa macho na masikio. Agombanie kichwa cha samaki, asikie umbea wa sokoni, acheke, ndipo tonge linapopita. Mimi nakwambia, wazee wengi ninaowatembelea hawana shida ya chakula. Wana shida ya mwenzao wa kula naye."

"Mtawa mkuu alisema mama aheshimiwe kama mtawa," alisema Khamphong. Alisema kwa sauti ndogo, maana maneno yale hayakuwa na nguvu kama mwanzo.

"Heshima nzuri. Nani kakukataza? Lakini wewe umechukua yote! Bado tu kumnyoa nywele na kumvika manjano kama watawa!"

Malaiwan alicheka mpaka ufagio ukamponyoka. Bibi Lun, aliyekuwa amepenya pengoni bila kibali, alishika mbavu. Bibi Onsi naye aligusa nywele zake nyeupe kama anayehakikisha bado zipo, akacheka mpaka machozi.

Khamphong alikaa chini. Alijikuna kichwa.

"Sasa nifanyeje?"

"Muulize yeye. Umewahi kumuuliza?"

Hakuwahi. Alimgeukia mama yake. "Mama, unataka nini?"

"Chochote, mwanangu," alisema Bibi Onsi upesi. "Unachoona wewe kinafaa."

"Mnasikia?" Khamphong alitupa mikono. "Anataka chochote!"

"Jamani, mwanamume huyu," alisema Malaiwan. Neno alilokuwa amelimeza muda wote lilikuwa limefika mdomoni. "Umezaliwa hapa hapa, hujamjua tu mama yako? Hawezi kukwambia. Atakuonea haya mpaka afe. Mama haulizwi kwa mdomo, anaulizwa kwa mikono. Kashushe kinu darini. Utwange saladi ya papai bichi. Na utwange vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Kama unavyotwanga siku zote."

Khamphong alikileta kinu. Alikaa kwenye kitanda cha mianzi, na mama yake alirudi kwenye kiti chake kirefu. Khamphong hakuhitaji kuigiza. Alitupa papai kwanza, ndipo akakumbuka vitunguu saumu. Alitia pilipili nzima nzima. Akaanza kugonga kama anayepigilia gurudumu. Kinu kililia.

Mikono ya Bibi Onsi ilishika maua ya kiti chake cha msaji.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "kwetu huanza pilipili na saumu."

"Eti nini, Mama?"

"Hapana, hapana. Endelea."

Khamphong akamimina maji ya samaki, yale ya chumvi kali. Akamimina tena. Papai likaanza kuwa uji. Bibi Onsi alifumba macho. Akayafumbua. Akasogea mbele mpaka ukingoni mwa kiti. Akakandamiza mikono ya kiti kwa nguvu zake zote, na magoti yakitetemeka, akasimama.

"Toka!" alisema. "Toka hapo! Papai limekukosea nini? Na chumvi yote hiyo, unataka kuniua kwa presha? Lete huo mchi!"

Nukan alimfuata nyuma, mikono tayari, lakini hakumgusa. Bibi Onsi alishuka jukwaani. Alifika kitandani, akakaa, akamwaga uji ule kwenye bakuli la kuku, akaanza upya. Pilipili, saumu, maharage mabichi, nyanya, ndimu. Mchi ulipata mwendo wake, pok, pok, pok, mwepesi na sawasawa. Khamphong aliisikia sauti ile, akawa mtoto tena anayerudi kutoka shambani na njaa.

"Onsi huyo!" alipiga kelele Bibi Lun kwa majirani wa nyuma. "Onsi karudi! Njooni na wali wenu!"

Walikuja wawili, kisha watatu. Waliketi duara kwenye kitanda cha mianzi, na vikapu vyote vikafunguliwa. Bibi Onsi alimnyang'anya Bibi Lun kichwa cha samaki. Bibi Lun akamwita mlafi. Umbea wote wa mwaka mzima ulimwagwa hapo kwa mpigo mmoja. Hakuna aliyemwambia Bibi Onsi "karibu chakula". Alikula mpaka kikapu chake kikawa kitupu, akatia mkono kwenye cha mwanawe.

Khamphong alifuta macho.

"Pilipili," alisema.

"Ndiyo, pilipili," alisema Malaiwan, akamsogezea maji.

Zahanati walimpima Bibi Onsi vizuri. Nesi alisema damu imepungua kidogo, mengine salama. Alitakiwa kula, hasa mayai, samaki, maharage na mboga za majani, kupunguza chumvi, kuendelea na dawa zake za presha, na kutumia miguu.

Neno hilo la miguu Khamphong alilishika lote, kama kawaida yake. Kesho yake alfajiri alisimama chini ya nyumba na filimbi.

"Mama! Amka! Mazoezi! Moja, mbili! Moja, mbili!"

Nukan alipopita na ndizi zake alimnyang'anya filimbi. "Juzi ulikuwa mhudumu wa hekalu, leo sajini. Huna kitu cha katikati? Mpe kazi zake, hayo ndiyo mazoezi yake. Wewe weka mbao ya kushikilia ngazini, halafu mpishe."

Khamphong aliweka mbao imara kando ya ngazi. Alirekebisha pengo la ua, akaweka mlango mdogo ili watu wapite bila kuibiana. Aliwarudisha kuku. Alinunua jembe jepesi, na ndoo ndogo badala ya zile kubwa. Kila asubuhi, wali ukiwa kwenye mvuke, Bibi Onsi alishika ukingo wa meza, akasimama, akakaa, akasimama, mpaka wali uive. Mwanzoni alitumia mikono miwili. Baadaye mmoja. Siku ya ibada yeye na Bibi Lun walitembea hekaluni mapema, maana wazee wa kijiji hukutana ukumbini kuimba na kucheza kabla ya mahubiri. Siku ya kwanza walipumzika njiani mara kadhaa. Bibi Lun alisema anapumzika kwa sababu ya Onsi, na Onsi alisema ni kwa sababu ya Lun.

Kilichobaki kuwa kigumu kilikuwa midomo ya watu. Siku moja sokoni muuza samaki mmoja alimwita Khamphong mbele za watu.

"Nimemwona mama yako anatwanga. Na jembe anashika! Vipi, mmeishiwa? Ama umechoka kumtunza?"

Zamani neno hilo lingemlaza njaa. Uso ulimchoma, lakini alisimama.

"Dada, nilimtunza akakaribia kufa," alisema. "Sasa ananitunza yeye, na sote tunanenepa. Mama yako wewe leo kala na nani?"

Muuza samaki alirudi kwenye mizani yake. Jioni ile alionekana anapita njiani na mama yake, polepole, wameshikana mikono, wanakwenda upande wa kwa Bibi Onsi.

Sikukuu ilifika. Kulikuwa na baridi, na pumzi za watu zilitoka kama moshi. Khamphong alikuwa ameshafuta oda yake ya madonge ya sokoni. Bibi Onsi alikuwa jikoni tangu mapema anafinyanga wali, na kila mtu alikuwa anaamrishwa. Malaiwan aponde sukari guru. Khamphong apakie makaa. Bibi Lun apige mayai.

Bibi Lun aligeuka ghafla, bakuli likateleza, na mayai yote yakaenda sakafuni.

"Lun!"

"Bakuli lako lina mafuta!"

"Mikono yako ndiyo ina tambuu! Sasa tutapaka nini? Duka limefungwa!"

"Kuku wako hawatagi?"

"Wanataga, lakini huyu jike mwekundu sijui anafichia wapi wiki hii yote."

Bibi Onsi aliweka mikono kiunoni, akafikiri. Kisha akatoka kwenda kule uani kwenye jukwaa la mbao, ambalo sasa halikuwa na mtu wa kulipanda. Kile kiti cha msaji kilikuwa bado hapo, na mto wake wa kuegemea. Juu ya mto, shingo juu, macho nusu wazi, alikuwa amejikalia kuku jike mwekundu. Hakushtuka. Alimtazama Bibi Onsi kama malkia anayemtazama mgeni asiye na miadi.

"Phong!" aliita Bibi Onsi. "Njoo uone! Kiti chako kimepata mwenyewe!"

Chini ya kuku yule mlikuwa na mayai, mengi, ya kutosha madonge yote na akiba. Khamphong alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

"Heshima ya kiti imelipa," alisema Malaiwan. "Mwache hapo hapo."

Uwanjani pa hekalu makaa yalikuwa yamepangwa mstari mrefu. Bibi Onsi alichukua nafasi yake ya zamani. Alimfokea mwanawe kwa kupepea sana, kisha kwa kupepea kidogo. Nukan alipita na kikapu chake, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mama! Mikono kifuani!" Bibi Onsi, aliyekuwa kwenye kigoda kifupi, alikunja mikono, koleo la makaa likiwa bado mkononi, akasimama wima. Akakaa. Akasimama tena, akazungusha viuno kidogo. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi Lun akasema huyo hajaacha ujambazi.

Watawa walipita na mabakuli yao, na Bibi Onsi akatia donge la kwanza, la kahawia kote. Mtawa mkuu aliposikia harufu alitabasamu, ingawa kwa kanuni zake hakusema kitu.

Watawa walipomaliza kula, watu wakatandika mikeka. Khamphong alikuwa bado amesimama pembeni, anahakikisha makaa yamezimwa. Bibi Onsi alichagua donge moja, kubwa, akaliweka juu ya jani la mgomba. Akalishika kwa mikono miwili. Akamwendea mwanawe kwa miguu yake mwenyewe, akainama mbele yake kwa heshima zote.

"Karibu chakula, Mheshimiwa Mtawa."

"Mama!" Khamphong alipiga magoti haraka, asije akawa juu kuliko yeye. "Watu wanaangalia!"

"Waache waangalie. Utakula peke yako, au utakula na sisi?"

Khamphong alilipokea donge. Lilikuwa la moto, na sukari ilikuwa inavuja pembeni. Alitazama mkekani. Malaiwan alikuwa pale, na Bibi Lun, na Nukan, na yule muuza samaki na mama yake. Mkeka ulikuwa umejaa.

"Sogeeni," alisema, akajipenyeza katikati yao, akalikata donge vipande vipande kabla hawajamnyang'anya.